Sarufi ya Kiha Iko Köln: Nani Atalipia Kumbukumbu za Buha?

Siku ya soko mjini Kasulu, mkoani Kigoma, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, wanawake wawili wanakutana kando ya magunia ya maharage. Mmoja anainama kidogo, anagonganisha viganja taratibu. "Mwidiwe." Mwenzake naye anainama, anagonga viganja, anaitikia. Kabla salamu haijaisha wameshaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba la mihogo, za mgonjwa aliyelazwa Kabanga. Mgeni aliyeshuka na basi la usiku anaweza kudhani kuna msiba au sala. Hakuna msiba. Ni Waha wanasalimiana, na salamu ya Kiha haina haraka.

Sasa mtu akitaka kujua lugha hiyo imejengwaje, sauti zake zinapanda na kushuka wapi, vitenzi vyake vinanyambulikaje, aende wapi? Sarufi ya kina ya Kiha iliandikwa na Lotta Harjula, mtaalamu wa isimu kutoka Finland, ikachapishwa mjini Köln, Ujerumani, mwaka 2004. Kabla yake, msamiati wa Kiha uliopangwa kitaalamu ulitolewa Tokyo mwaka 1992 na Mjapani Hirosi Nakagawa. Wote wawili wanastahili shukrani za Waha. Walikuja, wakakaa, wakasikiliza, wakaandika. Lakini kazi zao ziliandikwa kwa Kiingereza, zikachapishwa kwa fedha za huko, na mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kasulu akitaka kuzishika mkononi itambidi awe na jamaa Ulaya au Japani.

Huo ndio mfano mdogo wa jambo kubwa. Kwa zaidi ya miaka 50, kazi nyingi za kuhifadhi lugha, vitabu, simulizi, sinema na sauti za watu wa nyanda za juu za Kigoma zimekuwa zikilipiwa na serikali za mbali. Serikali hizo sasa zinafunga mikoba yao, moja baada ya nyingine. Magazeti yameandika juu ya dawa na chakula, na yamefanya vyema kuandika. Juu ya upande wa pili, ule ambao vyuo vikuu huuita insia, yaani lugha, historia, fasihi, sanaa na kumbukumbu za watu, yameandika kidogo mno.

Januari 20, 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani nje ya nchi kwa siku 90. Kufikia Julai mosi, shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Februari mwaka huo Uingereza ilitangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Kisha Desemba 2025 ikaja habari iliyowagusa Watanzania wengi wa umri fulani kwa namna ya pekee: Sweden, rafiki wa tangu enzi za Mwalimu Nyerere, ilitangaza kwamba inaondoa misaada yake ya maendeleo Tanzania na katika nchi nyingine nne, ili fedha zielekezwe Ukraine.

Sweden si mfadhili wa kawaida katika habari hii. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi chini ya asilimia 10. Kampeni ile iliendeshwa na Watanzania wenyewe, na walimu wake wengi walikuwa watu wa kijijini waliojitolea. Hata hivyo karatasi, vitabu na maktaba za vijiji zilitegemea kwa kiasi kikubwa fedha kutoka Stockholm. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wa kawaida kule Sweden, navyo vilibebwa na mkoba huo huo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulilipiwa na Sweden. Mfuko wa Utamaduni, ulioanza 1998 ukitoa ruzuku kwa vikundi vya ngoma, waandishi na watafiti wa mila, ulianzishwa kwa msaada wa Sweden.

Mtu akijumlisha hayo ataona jambo la kushangaza. Taifa lililosema katika Azimio la Arusha kwamba kutegemea fedha za wengine ni hatari liliacha hata kumbukumbu zake lenyewe zitunzwe kwa fedha za wengine.

Na halikukosa onyo. Fedha za Sweden kwa vyuo vya maendeleo ya wananchi zilipokwisha katika miaka ya 1990, majengo yalichakaa, vitabu havikuongezwa, na yale masomo ya jioni ya historia, uraia na utamaduni yakawa ya kwanza kupotea. Yaliyobaki ni ufundi: useremala, ushonaji, uashi. Ufundi ni kitu chema. Ila chuo kilichoanzishwa ili mwananchi ajue kusoma dunia yake kikageuka karakana. Maktaba za vijiji hazikufungwa kwa tangazo lolote. Kabati lilihamishiwa ofisi ya kijiji, ufunguo ukapotea, mchwa wakamaliza kazi. Hakuna aliyepewa barua ya kusimamishwa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Wilaya jirani ya Kibondo ina onyo lake, na ni zito zaidi.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka. Katika miaka iliyofuata wilaya ya Kibondo, ambayo wakati huo ilijumuisha na Kakonko, ilipata kuwa na kambi tano: Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Mtendeli na Karago. Kasulu ilikuwa na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu, hii ya mwisho ikifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi ni mahali pa mgawo wa unga na foleni ya maji, kweli. Lakini watu walikuja pia na kwaya, ngoma, hadithi, mahubiri na ugomvi wa historia. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na matangazo yake yakawafikia watu wa kambini na wenyeji wa vijiji vya jirani pia. Kwizera ni neno la Kirundi na Kinyarwanda lenye maana ya kutumaini. Redio hiyo ilisoma hewani majina ya ndugu waliopotezana njiani, na mama aliyekuwa kambi moja akajua kwamba mwanawe yuko kambi nyingine. Miaka ya 2000 shirika la FilmAid nalo likaleta sinema za usiku. Gari lilifika jioni, kitambaa cheupe kikafungwa, jenereta ikawashwa, watoto wakakaa chini mbele kabisa na wakubwa wakasimama nyuma. Kwa wengi waliokaa pale, wakimbizi kwa wenyeji, hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya kwanza maishani.

Kambi zilipofungwa, nyingi mwishoni mwa miaka ya 2000 na Mtabila mwaka 2012, kila shirika lilifunga mafaili yake na kuondoka nayo. Ripoti za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zimehifadhiwa Geneva. Mabati yaligawanywa, visima vikabaki, madarasa mengine yakageuzwa shule za vijiji. Vitu vya kushikika viligawiwa kwa mpangilio na kwa orodha. Vile vya kusikika na kukumbukwa havikuwa na orodha. Kijana wa Kibondo aliyezaliwa 2010 anaishi juu ya ardhi palipokuwa na moja ya makusanyiko makubwa ya wakimbizi barani Afrika, na katika wilaya yake ataikuta historia hiyo vinywani mwa wazee tu.

Mwaka 2015 yakajirudia. Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, Warundi walimiminika tena. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, Mtendeli ikafuata mapema 2016. Miradi ikarudi, na safari hii mkoba mkubwa ulikuwa wa Marekani, iliyokuwa ikitoa takribani asilimia 40 ya fedha zote za UNHCR duniani. Mkoba huo uliponywea mwaka 2025, UNHCR ilitangaza kuondoa nafasi za kazi zipatazo 3,500. Anayejua namna bajeti za kambini zinavyokatwa anajua mpangilio wake: maji, chakula, dawa na ulinzi vinaitwa vya kuokoa maisha, hivyo hupunguzwa mwisho. Maktaba, michezo ya kuigiza, mafunzo ya muziki, klabu za kusoma na redio za vijana vinaitwa shughuli za ziada. Ziada hukatwa siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye kosa. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, nchi na makaburi ya wazazi wake, wimbo wa kwao si ziada. Ngoma ya Burundi, ile inayopigwa na wanaume wakiicheza na kuibeba kichwani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Mwaka uliofuata wapigaji wa ngoma hizo walikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakilala kwenye mahema Nyarugusu. Urithi wa dunia ulikuwa umekaa Kasulu, na hakuna ofisi ya utamaduni iliyokuwa na hata bajeti ya kuurekodi.

Kuna watakaosema: watu wanakosa dawa, nanyi mnadai vitabu na ngoma? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kweli. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichofurikiwa na Warundi waliokuwa wakisubiri meli, na zaidi ya watu 30 walifariki. Dawa zilihitajika, na pia maneno: chemsha maji, usinywe ya ziwani, mpeleke mtoto kituoni leo, usingoje kesho. Maneno hayo yalipaswa kusemwa kwa Kirundi au kwa Kiha, na mtu anayeaminika, kwa sauti ambayo bibi wa miaka 70 haihofu. Uwezo wa kusema hivyo haununuliwi siku ya mlipuko. Hujengwa kwa miaka na redio, wasanii, walimu wa lugha, watu wanaojua methali gani hufungua masikio na ipi hukera. Anayefunga redio leo kwa sababu si dawa, kesho dawa yake itafika kijijini bila msemaji.

Na redio zimefungwa. Machi 14, 2025, Rais Trump alitia saini amri iliyoizima Sauti ya Amerika, na siku ya pili wafanyakazi zaidi ya 1,300 walipelekwa likizo. Idhaa ya Kiswahili iliyokuwa hewani tangu 1962 ikanyamaza. Wasikilizaji wa Dar es Salaam na Nairobi walihuzunika, kisha wakahamia kwingine, kwa sababu wana pa kuhamia. Kwa watu wa mpakani Kibondo na Kasulu kilichouma zaidi ni kunyamaza kwa idhaa ya Kirundi na Kinyarwanda, iliyoanzishwa 1996 wakati Maziwa Makuu yakiwa bado yanavuja damu. Idhaa hiyo serikali ya Burundi iliwahi kuipiga marufuku ndani ya nchi yake. Kwa Warundi wa Nduta na Nyarugusu ilikuwa dirisha la kwao.

Hapa pana jambo ambalo wengi nje ya Kigoma hawalijui. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mzee wa Kiha aliyeketi kibarazani na redio ya masafa mafupi aliifuata habari ya Kirundi bila kukunja uso. Redio za Tanzania hutangaza kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo. Kiha hakina nafasi hewani, hata Buha FM ya Kasulu yenye jina la nchi ya Waha inazungumza Kiswahili. Sababu za umoja wa kitaifa zinajulikana, na Kiswahili kimewafanyia Watanzania kazi ambayo jirani zao wanaionea wivu. Lakini matokeo yake ni kwamba sauti ya karibu zaidi na lugha ya mama ya Mha kwenye redio ilikuwa inalipiwa Washington. Ilipokatwa, hakuna mtu Dodoma aliyejua kwamba Kigoma imepoteza kitu.

Serikali inaweza kusema kwamba Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za asili, inawataka wananchi wazionee fahari, na inahimiza zifanyiwe utafiti, ziandikiwe kamusi na zihifadhiwe. Ni kweli, sera inasema hivyo, na inasema vizuri. Miaka karibu 30 baadaye kazi zinazotajika za sarufi na msamiati wa Kiha bado ni zile za Köln na Tokyo. Sera bila fungu la bajeti ni barua ya mapenzi.

Shuleni hali ni ile ile kwa sura nyingine. Mtoto wa Muhange au Kitanga anaingia darasa la awali akiwa na Kiha tupu. Mradi wa Uingereza wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 na kuijumuisha Kigoma, uliliona hilo, ukaweka programu ya utayari wa shule. Mtu wa kijijini alifundishwa kuwapokea watoto kwa wiki kadhaa kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi, nyimbo na michezo, ili Kiswahili kisiwe ukuta. Ulifuatwa na Shule Bora, mradi mwingine wa Uingereza ambao Kigoma ni mmoja wa mikoa yake 9, na ambao muda wake unafika mwisho 2027, mwaka ule ule ambao Uingereza imepanga kushusha misaada yake. Wazo la kumpokea mtoto kwa hadithi anayoielewa halihitaji pauni. Linahitaji mwalimu, hadithi na mtu wa kuzichapisha. Mabibi wa Buha wanazo hadithi za kutosha kujaza maktaba. Ni nani anayezikusanya, mradi ukiondoka?

Si Afrika pekee iliyopata pigo. Aprili 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruzuku za mabaraza yake 56 ya insia, moja kwa kila jimbo na maeneo yake mengine, mabaraza yanayolipia vilabu vya kusoma vijijini, makumbusho madogo ya wilaya na kurekodi simulizi za wazee. Wamarekani wa miji midogo walilia kilio ambacho mtu wa Kibondo angekielewa. Tofauti ni kilichofuata. Ndani ya wiki chache wakfu mmoja wa nchi yao, Mellon, uliweka dola milioni 15 kuziba pengo, mabaraza yakaenda mahakamani, na wananchi wakachangishana. Walikuwa na pa kushika kwa sababu mabaraza yale yalikuwa yao, yana wajumbe wa mji wao na jina la jimbo lao. Kigoma haikuwa na baraza la kulilia. Ilikuwa na miradi, na mradi ukiisha huondoka na gari lake.

Tanzania haikosi uwezo, na ushahidi upo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inampa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na kazi yake inachapishwa. Hutolewa Aprili 13, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Hizo ni fedha za nchi, kwa uamuzi wa nchi, na hakuna balozi anayeweza kuzikata. Mfuko wa Utamaduni nao umefufuliwa na serikali kwa jina la Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Ni hatua njema, ila umebadilika sura: zamani ulitoa ruzuku, sasa unatoa mikopo. Kwa mwanamuziki anayenunua vifaa vya studio, mkopo una maana, maana wimbo unauzwa. Kwa walimu wawili wa Kibondo wanaotaka kurekodi wazee wa Muhambwe wakieleza historia ya utawala wao wa jadi, marejesho yatatoka wapi? Simulizi ya mzee haiuziwi tiketi. Kamusi ya Kiha haitalipa riba. Kuna kazi za utamaduni ambazo ni biashara, na kuna nyingine ambazo ni huduma, kama barabara na kisima. Kuzitia zote kapu moja ni kuzihukumu za pili kufa.

Fedha za kazi hizo zipo karibu kuliko Dodoma. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanzoni madiwani wengi walisema haiwezekani, leo ni jambo la kawaida, na halmashauri isiyotenga huulizwa. Halmashauri ya Mji Kasulu, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu na ile ya Kibondo zinakusanya ushuru wa maharage, mihogo na tangawizi kila msimu. Kila moja inaweza kutenga nusu ya asilimia moja tu kwa ajili ya vitabu, lugha na kumbukumbu za wilaya, iliyofungwa kwa azimio la baraza ili ofisa asiihamishie mafuta ya gari. Afisa utamaduni wa wilaya, ambaye mara nyingi kazi yake huonekana siku ya Mwenge tu, atakuwa na kitu cha kufanya mwaka mzima. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga vina vijana mamia ambao likizo wanarudi vijijini kwao wakiwa na simu zenye kinasa sauti. Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika, ambayo makao yake ni Kasulu, na Kanisa Katoliki wana kumbukumbu za misheni ambazo baadhi zimeandikwa kwa mkono. Vyombo viko tayari. Kinachokosekana ni fungu dogo la kudumu na mtu wa kuulizwa.

Fungu la wilaya halitafikia fedha za Sweden, na hakuna haja ya kudanganyana. Halitajenga jumba la makumbusho. Lakini dogo la kila mwaka hushinda kubwa la miaka mitatu. Maktaba inayonunua vitabu 40 kila mwaka kwa miaka 20 ina vitabu 800 na msomaji aliyekua nayo. Iliyopewa vitabu 800 kwa siku moja, mbele ya kamera, mara nyingi huishia na kabati lililofungwa.

Kigoma inajua nguvu ya sauti yake. Mwaka 2012 wasanii wa mkoa huo walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite", na nchi nzima ikalitamka. Kwa Watanzania wengi hayo ndiyo maneno pekee ya Kiha wanayoyajua hadi leo. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.4 una haki ya kujulikana kwa zaidi ya maneno mawili.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Pale Heru Juu, juu ya mji wa Kasulu, alitawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika kiti cha Heru mwaka 1946, wakati ambapo Waingereza wenyewe hawakuzoea kumwona mwanamke katika baraza la machifu. Alitawala hadi serikali ya uhuru ilipofuta utawala wa machifu. Namna alivyotawazwa, alivyoamua mashauri, nyimbo alizoimbiwa, maneno ya Kiha yaliyotumika barazani na ambayo hayatumiki tena: hayo yamo vichwani mwa watu ambao bado wapo, wanaotembea kwa fimbo kwenda kanisani na sokoni.

Basi diwani wa Kasulu au Kibondo anayesoma haya, bajeti ya mwaka ujao ikiletwa mezani, aulize fungu la kumbukumbu za wilaya liko ukurasa wa ngapi. Mwalimu mwenye simu asingoje bajeti hiyo. Watoto waliokuwa na umri wa miaka 10 Mwami Theresa alipotawazwa, na wakaliona tukio lile kwa macho yao, sasa wana umri wa miaka 90 hivi.